Mradi wa Kuzoea Kiu

Chuo Kikuu kilitangaza, kwa heshima kubwa na kupitia kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba kuanzia siku hiyo hapakuwa tena na uhaba wa maji katika kota za chini. Kilichokuwapo ni utafiti.

Aliyesoma tangazo ni Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe, amesimama jukwaani, suti imemkaa kama amezaliwa nayo. Alieleza kwamba kukauka kwa mabomba ya nyumba za watumishi, jambo ambalo watu wachache wasio na subira walikuwa wakiliita kero, kwa hakika kulikuwa hatua ya kwanza ya Mradi wa Ustahimilivu wa Kaya Pasipo Maji ya Bomba, chini ya Kituo cha Umahiri wa Maji na Uendelevu. Akawapongeza wakazi wa kota za chini kwa kuteuliwa. Akasema viko vyuo duniani ambavyo vingetoa chochote kupata wakazi wakavu kama wao.

"Maswali hayataruhusiwa," akamalizia, "kwa sababu anayehojiwa akianza naye kuhoji, matokeo yanaharibika."

Watu wakapiga makofi ya wastani. Nyuma ya ukumbi, mpishi wa bwalo la wanafunzi akamwinamia dereva wa basi la chuo.

"Huku kuteuliwa, mtu anaweza kukataa?"

"Kungekuwa kunakatalika," dereva akasema, "wasingetupongeza."

Kabla ya kuwa utafiti, jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mbele ya jengo la utawala chuo kilijenga chemchemi ya kurusha maji hewani, kikaiita Chemchemi ya Uendelevu, kwa ajili ya wageni waliokuwa wanakuja kupima vyuo vinavyojali mazingira. Chemchemi ilipowashwa ikatema mate tu, kama mzee mwenye kifua. Ikaonekana maji mengi yanapotelea kota za chini, ambako watu walikuwa na tabia ya kuyatumia. Fundi Bomba akaagizwa kufunga koki ya kota kwa muda, ili maji yote yapande mlimani. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaenda zao. Koki haikufunguliwa, kwa sababu ofisa aliyetia saini kibali cha kufunga alikuwa na mamlaka ya kufunga tu. Huko mlimani, kwenye makazi ya viongozi, maji yakawa yanatoka kwa nguvu mpya hata watu wakaanza kumwagilia barabara.

Malalamiko yalipozidi, Makamu Mkuu alimwita Profesa, mkurugenzi wa Kituo. Profesa alitafakari kwa muda wa chai moja.

"Tatizo linasumbua kwa sababu halina jina," akasema. "Lipe jina na mtafiti, linakuwa mradi. Na mradi hakuna anayeulalamikia. Unaombewa tu uongezwe."

Mtafiti aliyepatikana ni Dokta.

Dokta alikuwa mdogo kuliko wote pale Kituoni, kwa umri na kwa ukubwa wa meza. Shahada yake ya uzamivu aliipata kwa kuchunguza jinsi maji yanavyosafiri ndani ya mabomba ya mji, kwa hiyo koki ile aliifahamu vizuri kuliko alivyofahamu majirani zake. Kota nzima ilimwita Dokta wa Maji. Jina hilo lilianzishwa na mama yake mzazi, ambaye alihamia kwake baada ya kufiwa na mume, na tangu hapo hajaacha kumtangaza bintiye kwa kila anayepita karibu na dirisha.

"Nimekuchagua wewe kwa sababu unaishi ndani ya sampuli," Profesa alimwambia. "Hutahitaji hata usafiri."

Jioni ile Dokta aliporudi nyumbani alimkuta mama amekaa kibarazani, ndoo tupu miguuni. Pembeni yake alikuwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, mke wa mkutubi, anakunja nepi huku pacha wake wakitambaa kwenye mkeka.

"Umefika, Dokta wa Maji," mama akasema. "Bomba vipi?"

"Bado, mama. Ila si tatizo tena. Sasa ni mradi."

"Mradi wa nini?"

"Chuo kinatafiti tunavyoishi bila maji."

Mama akalitafuna neno hilo. "Na anayetafiti ni nani?"

"Mimi."

Mama Pacha akaacha kukunja nepi. Mama alimtazama binti yake kwa upole.

"Mwanangu, nimewaambia watu wote kwamba wewe ni daktari wa maji. Kumbe mgonjwa alishakufa, na daktari ameajiriwa kuangalia msiba unavyoendelea."

Dokta aliinama kuvua viatu. Mkataba wake wa kazi ulikuwa ukingoni, na mwenye kuuongeza alikuwa Profesa peke yake. Alijiambia kwamba ataifanya kazi vizuri, ataandika ukweli mtupu, na ukweli ukishafika mezani kwa wakubwa koki itafunguliwa. Alikuwa na shahada tatu na bado aliamini hivyo.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu walimjibu bila kupamba, maana walimfahamu. Mpishi alisema kila alfajiri watu wazima wenye heshima zao wanasukumana kwenye kisima cha shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, na kwamba yeye binafsi amemkanyaga mhasibu na hajutii. Mkutubi alisema siku hizi anaoga kwa awamu, leo mikono, kesho miguu, na mgongo amemwachia Mungu. Mama Pacha alieleza safari ya maji nyumbani kwake: yanaanza kwa kunawia uso, yanakwenda kuoshea vyombo, yanafulia nepi, halafu yanamwagwa chooni.

"Na yakifika huko," alisema, "yanakuwa yamechoka kabisa. Hata kusukuma hayawezi."

Dokta aliandika yote hayo, akampelekea Profesa. Kesho yake yalirudi yakiwa yamepigwa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini. Kusukumana kisimani kulikuwa kumegeuka "majukwaa hai ya wananchi kuhusu rasilimali za pamoja". Kuoga kwa awamu kukawa "usafi endelevu wa mwili kwa njia ya mzunguko". Maji yaliyochoka ya Mama Pacha yalitajwa kama "uchumi duara katika ngazi ya kaya", na watoto waliopata upele walielezwa kuwa "wamejenga uhusiano wa karibu na udongo".

"Profesa," Dokta akasema, "lakini upele ni upele."

"Upele ni lugha ya zahanati," Profesa akajibu bila ukali. Alikuwa mtu mpole, aliyependa kuelimisha. "Mtu akisoma 'upele' atakwenda kutafuta dawa. Akisoma 'uhusiano na udongo' ataitisha kongamano. Sisi ni Kituo cha Umahiri, Dokta. Tuchague."

Wiki hiyohiyo Fundi Bomba alikwenda kwenye koki na spana yake, kwa hiari yake. Naye alikuwa anakaa kota za chini. Profesa alikuwa anapita na gari. Alisimama, akashusha kioo.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafungua koki, mzee. Mke wangu amesema nisirudi nyumbani bila maji."

"Unataka kuimwagia data yangu maji?"

Fundi Bomba alitazama chini, akasogeza mguu mmoja kwa tahadhari. "Samahani, mzee. Sikuiona. Iko upande gani?"

"Iko kila mahali."

Fundi Bomba akarudisha spana mfukoni. Mchana wake mlinzi aliwekwa pale, na kibao kikachomekwa ardhini: ENEO LA UTAFITI. USIGUSE UKAME. Mlinzi alikuwa makini sana na kazi yake. Wingu likitanda alikuwa anapiga simu kuuliza afanye nini.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka ripoti ikatoka na Dokta akasainiwa mkataba wake. Lakini mama hakuwa mtu wa kukaa na ndoo tupu. Asubuhi moja, wakati binti yake yuko ofisini anapaka rangi ramani ya ustahimilivu, alijitwisha ndoo akaenda kisimani mwenyewe. Pale kisimani maji yaliyomwagika kwa kusukumana yalikuwa yamefanya tope la kuteleza. Mama aliteleza. Ndoo ilibingirika upande wake, yeye akaangukia mkono, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja.

Dokta alifika zahanati ya chuo akihema. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono ameupakata kama mtoto wa mtu mwingine, uso umepauka. Muuguzi alikuwa ameshapanga bandeji za plasta mezani lakini amesimama tu.

"Unangoja nini, dada?" Dokta akauliza.

"Maji," muuguzi akasema. "Plasta hailoweki kwa mate. Na sisi tuko laini moja na kota. Ndugu wa mgonjwa ndio wanaoleta."

Dokta alichukua ndoo ya zahanati palepale. Kisimani ni mbali, na mama alikuwa ameanza kuuma mtandio wake asilie. Alipita njia ya mkato nyuma ya maktaba, akatokea mbele ya jengo la utawala, na mbele yake Chemchemi ya Uendelevu ilikuwa inarusha maji kwa furaha, yanapanda, yanameta, yanarudi chini. Hakuna aliyekuwa anaitazama. Akaingia na viatu vya ofisini, maji hadi kwenye vigimbi, akazamisha ndoo.

Mlinzi wa utawala alitoka kivulini mbio.

"Dada, hayo maji si ya kutumia."

"Ni ya nini?"

Mlinzi alifikiri kwa uaminifu. "Ni ya uendelevu," akasema.

Dokta akampita, ndoo inachuruzika, viatu vinalia kwa kila hatua.

Mkono wa mama ulipofungwa na maumivu kutulia, Dokta alikwenda moja kwa moja kwa Profesa, viatu bado vimelowa. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Alitoa pole ya kweli, akamuuliza kama mama ni miongoni mwa washiriki waliosajiliwa.

"Ni mshiriki, Profesa. Ni mama yangu."

"Basi tutamwandika vizuri." Akavuta kalamu. "'Mshiriki mmoja alipungukiwa kwa muda na uwezo wa kubeba, jambo lililopunguza matumizi ya maji katika kaya.' Umeona? Hata yeye amechangia."

"Naomba koki ifunguliwe, Profesa. Leo."

Profesa alinywa nusu ya glasi yake ya maji, nusu nyingine akaimwaga kwenye ua lililokuwa pembeni ya meza. "Waziri anakuja kuzindua matokeo. Akishaondoka tutaunda kamati ndogo. Na mkataba wako huu hapa, Dokta, uko chini ya kiwiko changu. Mimi napenda sana kusaini watu wenye nidhamu."

Dokta alirudi nyumbani jioni na kikombe cha maji kilichobaki kwenye ndoo ya chemchemi. Akakimimina kwenye karai, akapiga goti, akaanza kumwosha mama miguu iliyokuwa bado na tope la kisimani. Aliosha mguu mmoja mpaka tope likaisha.

"Nimeshindwa, mama," akasema hatimaye.

"Wanasemaje?"

"Wanasema ukame unatufaa. Unatupa nidhamu, unatuunganisha na majirani. Wanasema watoto wanaupenda udongo."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Kwamba si kweli."

"Ndiyo maana umechoka." Mama alinyoosha mguu wa pili. "Mtu akikusifia shubiri, usibishane naye. Mkaribishe mnywe wote."

Dokta alicheka, kicheko kidogo cha mtu mwenye machozi karibu. Aliendelea kuosha. Kisha kicheko kikamtoka usoni, akabaki ameshika kisigino cha mama, anatazama ukutani.

"Unanifinya," mama akasema.

Kuanzia kesho yake Dokta akawa mtu mwingine. Hakubisha tena. Kila sentensi ya Profesa aliiacha ilivyo, na palipokuwa na "inaonekana" yeye aliweka "bila shaka yoyote". Profesa aliisoma rasimu ya mwisho, akamwita mke wake kwenye simu kumsomea kurasa mbili. Ripoti ilipita kwa Makamu Mkuu, naye akaisaini yote kwa niaba ya uongozi, na kutia neno kwamba Chuo kinajivunia kila mstari.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mbele walikaa viongozi, mbele yao chupa za maji. Nyuma waliwekwa wakazi wa kota za chini, walioletwa kama ushahidi, mama wa Dokta akiwa katikati na plasta yake nyeupe. Kamera za televisheni zilikuwa zimesimama kando. Waziri alikuwa mtu wa moyo mkubwa na subira ndogo, anayejulikana kwa kutoa maagizo palepale aliposimama. Wasaidizi wake walikuwa wamezoea kumfuata na kalamu mkononi.

Dokta alipanda jukwaani, akaeleza faida za mradi kwa sauti tulivu. Alieleza usafi wa mzunguko na uchumi duara. Alisema kaya zisizo na maji zimeonyesha mshikamano ambao haujawahi kuonekana, na akamtaja mpishi na mhasibu bila kuingia kwenye undani. Alieleza watoto na udongo. Waziri alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na Profesa alikuwa anatikisa kichwa kila Waziri akitikisa.

"Changamoto tumekutana nayo moja tu, Mheshimiwa," Dokta akasema. "Ya usawa."

"Usawa gani?"

"Faida hizi zote zimeishia kota za chini. Viongozi wetu wanaoishi mlimani wameendelea kupata maji kutwa kucha. Wao na watoto wao hawajafaidika na lolote katika haya niliyoyasoma."

Makamu Mkuu alishika chupa yake ya maji akasahau kuifungua.

Waziri aligeuka kumtazama. "Ni kweli? Wewe unapata maji kila siku?"

"Mheshimiwa, ni... yanatoka, ndiyo."

"Pole sana," Waziri akasema, na alikuwa anamaanisha. "Sasa kwa nini viongozi mmeachwa nyuma kwenye mradi wenu wenyewe?"

Profesa aliinuka nusu. "Mheshimiwa, kitaalamu tungependa kwanza kujiridhisha, maana mazingira ya mlimani ni tofauti kidogo, na huenda faida zikawa..."

"Profesa, ripoti umeiandika wewe?"

"Chini ya uongozi wangu, Mheshimiwa."

"Nimeisoma ndani ya gari. Kila ukurasa umesema 'bila shaka yoyote'. Leo shaka umeitoa wapi?"

Profesa aliketi. Waziri akauliza fundi wa maji yuko wapi. Kule nyuma Fundi Bomba alisimama, spana imechungulia mfukoni.

"Hiyo koki ya mlimani unaweza kuifunga leo?"

"Naweza, Mheshimiwa. Ila kufunga kunahitaji kibali."

"Yupo mwenye mamlaka ya kufunga?"

Katika safu ya pili ofisa mmoja alijaribu kujificha nyuma ya mwenzake. Akatajwa, akasimamishwa, akakiri kwamba mamlaka hayo anayo. Alitia saini akiwa ameegemea mgongo wa mhasibu.

"Na kota za chini?" Waziri akamuuliza Dokta. "Waendelee nao?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wao wameshakamilisha hatua yao. Sasa inabidi wapate maji, tuwalinganishe na viongozi. Bila hivyo matokeo yataharibika."

"Na wewe ndiye utakayesimamia?"

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu."

Waziri alimtazama Profesa kwa mshangao wa mzazi. Profesa alitoa mkataba ndani ya mkoba, akausaini juu ya goti, mbele ya kamera. Kutoka nyuma ya ukumbi yakaja makofi ambayo chuo hakikuwahi kuyasikia, pamoja na vigelegele vya Mama Pacha. Makamu Mkuu alialikwa kutoa neno la shukrani. Alishukuru.

Fundi Bomba alifunga koki ya mlimani, akafungua ya kota kwa agizo la Waziri. Mbele ya jengo la utawala, ambako Waziri alikuwa anapigwa picha ya mwisho, chemchemi ilikohoa, ikayumba, ikanyamaza. Wakati huohuo katika kota za chini mabomba yalinguruma na kutapika kutu, halafu maji safi yakaja. Mkutubi alikutwa amesimama chini ya bomba la nje na nguo zake zote, hataki kuzungumza na mtu.

Huko mlimani mradi ulianza vizuri. Dokta alipita nyumba kwa nyumba na maswali yaleyale. Mke wa Makamu Mkuu alimpokea mlangoni, kitambaa kichwani.

"Unajisikiaje katika hatua hii, mama?"

"Andika kwamba nanuka."

Dokta aliandika kwamba mshiriki ameimarisha utambulisho wake ndani ya mazingira. Ripoti ya awali ilipofika kwa Profesa, aliisoma mara mbili, ndevu zake hazijanyolewa, akaomba kwa sauti ya chini kama haiwezekani safari hii kuandika tu mambo yalivyo.

"Inawezekana, Profesa," Dokta akasema. "Lakini itabidi tumweleze Waziri ni lini tulianza."

Kulalamika hakukuwezekana, ripoti ilikuwa imesainiwa kwa niaba yao wote. Hatimaye Seneti ya Chuo iliitisha kikao cha dharura, madirisha yote wazi kwa sababu za kiafya. Baada ya mjadala mzito ilipitisha kwa kauli moja kwamba maji yana mchango chanya katika maisha ya binadamu. Yalikuwa matokeo ya kwanza ya Kituo cha Umahiri ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyapinga. Azimio lilipelekwa kwa Waziri. Waziri alijibu kwamba amefurahi kuona viongozi wanajifunza kwa kasi, na kwamba yeye alishatangaza kwenye televisheni kuwa hatua hii itakwenda mpaka mvua zianze, kwa hiyo wavumilie.

Kwanza viongozi walituma madereva kota za chini na madumu. Ila madereva walikuwa wanaishi kota hizohizo, na ikifika jioni walikuwa wamefika nyumbani, hawapandi tena. Ikabidi wenye madumu washuke wenyewe.

Bomba la nje lilikuwa mwisho wa safu, karibu na kibaraza cha mama. Kwa kuwa mkono ulikuwa bado kwenye plasta na kazi hakuna, mama aliweka kiti chake hapo kila jioni, akawa anaangalia nani kaja na nani kaondoka, asije mtu akaonewa. Jioni moja Makamu Mkuu aliteremka mlima kwa miguu, amevaa suruali ya mazoezi, dumu mkononi. Miguu yake, kwa mazoea, ikampeleka moja kwa moja mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za huko juu?"

"Tunastahimili."

"Vizuri." Mama akaitazama suruali, akalitazama dumu, akamtazama yeye. Akainua mkono wa plasta na kuuelekeza mbali, nyuma ya mpishi, nyuma ya mlinzi wa ukame, nyuma ya pacha na mama yao. "Foleni inaishia kule, kwa yule bwana mwenye ndoo ya bluu."

Yule bwana mwenye ndoo ya bluu alikuwa Profesa. Alimwona Makamu Mkuu anakuja, akasogeza ndoo yake kidogo kumpisha asimame. Ila alimpisha nyuma.